Fundi Anajibu: Pikapu ya petroli au ya dizeli?

Shikamoo fundi. Nanunua mahindi na alizeti vijijini Kongwa, napeleka soko la Kibaigwa. Nimeonyeshwa pikapu mbili zilizotumika, moja ya petroli, nyingine ya dizeli. Ya dizeli ina bei kubwa, ila wenzangu wanasema haili mafuta. Nichukue ipi? Na ni kweli dizeli haina plagi?
*Mfanyabiashara wa nafaka, Kibaigwa*

Marahaba, mdogo wangu. Ni kweli, haina plagi ya cheche, na mengine yote yanatokana na hilo. Kwenye petroli, pistoni hubana mchanganyiko wa hewa na mafuta, plagi ikapiga cheche, moto ukashika. Dizeli hubana hewa peke yake, hadi ujazo wake upungue mara 15 hadi 20, wakati petroli nyingi huishia mara 10 hivi. Hewa iliyobanwa kiasi hicho huwa ya moto kupita nyuzi 500, kwa hiyo nozeli ikipuliza mafuta yanawaka yenyewe. Rudolf Diesel aliifanikisha injini hiyo Ujerumani mwaka 1897. Hita plagi utakazoziona ni za kupasha joto wakati wa kuwasha, basi.

Kubana huko ndiko kunakookoa mafuta, na lita ya dizeli yenyewe ina nishati kuizidi ya petroli kwa zaidi ya asilimia 10. Nguvu inakuja mapema, mzunguko ukiwa bado mdogo. Ukivuka korongo la mchanga na magunia mgongoni utaiona. Lakini pampu na nozeli zake zimechongwa kwa vipimo vidogo mno, na kuzitengeneza ni ghali. Mimi huumia nikifungua pampu iliyoliwa na kutu kwa sababu mwenye gari alizoea dizeli ya madumu yenye maji. Jaza kwenye kituo cha mafuta, mwaga maji ya filta mara kwa mara, na upepo wa kiangazi ukianza kurusha vumbi letu, kagua filta ya hewa kila wiki. Vumbi likipita hapo linasaga silinda, na kama ina tabo, ile feni inayosukumia injini hewa zaidi, linaanza na tabo.

Ukibeba mzigo karibu kila siku, chukua dizeli. Kama ni msimu wa mavuno tu halafu gari linalala uani, chukua petroli, hutarudisha ile tofauti ya bei.

Kabla hujalipa, fika alfajiri injini haijawashwa, uiwashe mwenyewe. Ikisumbua kuwaka na moshi mweupe usikatike, mbano umechoka au nozeli ni mbovu. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Kisha fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikinguruma: hewa ikisukuma kwa nguvu, liache gari hilo.

Fundi, kijana wa kituo cha mafuta ameniwekea petroli lita 10 kwenye gari la dizeli. Nikijazia dizeli juu yake, itafaa?
*Msomaji, Bahi*

Hapana ndugu yangu, usiwashe. Hata swichi usifungue, maana magari mengi ya sasa pampu ya kwenye tanki huanza kusukuma papo hapo. Dizeli ndiyo inayolainisha pampu. Petroli huosha ule ulaini, vyuma vikasagana. Sukumeni gari pembeni, fundi akamue tanki lote na abadili filta ya mafuta.