Kabla ya kuuliza mshahara, uliza utakula saa ngapi na utalala wapi

Swali la kwanza ninaloulizwa na vijana wa Kisumu, Kakamega na Busia wanaosomea urubani ni mshahara. La pili ni sare. Chakula hakiulizwi, na usingizi ndio kabisa. Mimi ningeanzia hapo. Kwenye shirika la ndege la bei nafuu mkataba unautia saini mara moja, lakini tumbo na usingizi utavipigania kila wiki, na hakuna mtu ofisini aliyeajiriwa kukukumbusha.

Elewa kwanza nauli ya chini inatoka wapi. Ndege iliyosimama haiingizi chochote. Kwa hiyo ndege kama Dash 8-400, zile za propela zenye viti 78 ambazo Jambojet inaziendesha, hufanyishwa kazi tangu alfajiri hadi usiku. Inakuja Kisumu, inarudi Nairobi, inakwenda Mombasa, inarudi tena, na rubani yumo muda wote huo. Nairobi hadi Kisumu ni kama dakika 50. Ondoa kupaa, ondoa kushuka, maana chini ya futi 10,000 hata porojo haziruhusiwi, sembuse kula. Unabaki na kipande kifupi cha utulivu, na humo mna redio, hali ya hewa ya mbele na maandalizi ya kutua. Ukishatua, abiria wanashuka, mafuta yanaingia, karatasi ya uzito inasubiri saini yako, na baada ya nusu saa hivi mlango unafungwa.

Kanuni za Ulaya zinataka rubani apate nafasi ya kula na kunywa, hasa zamu inapozidi saa 6. Nafasi, si sahani. Kwa hiyo jifunze kubeba. Mimi hubeba nduma au viazi vitamu, mayai ya kuchemsha yaliyomenywa nyumbani, ndizi na njugu karanga: vitu vinavyolika kwa mkono mmoja, visivyodondoka mchuzi kwenye swichi. Mkebe uwe na kifuniko kinachokaza kwelikweli. Maharage, kabeji na soda acha. Hewa ndani ya ndege huwa kama ya mlimani, na gesi iliyo tumboni inapanuka jinsi mgandamizo unavyopungua. Ukiwa umefungwa mkanda karibu na mwenzako kwa safari nne, mtajuana. Githeri ni chakula kizuri sana cha siku ya mapumziko.

Maji ndiyo watu wanajinyima, eti wasisumbuke kwenda msalani. Hewa ya ndani ni kavu. Kufika safari ya tatu kichwa kinagonga, na mtu anadhani ni njaa.

Kuna desturi nyingine ambayo ndugu zako hawataielewa: kapteni na rubani msaidizi hawali chakula kimoja. Samaki akiwa ameharibika, asiwalaze wote wawili. Mama yangu aliposikia nimelala Kisumu alituma ngege, samaki wetu wa ziwani, wa kukaanga na ugali hotelini kwa boda, wa watu wawili, kwa sababu kwake mgeni wangu ni mgeni wake. Nilimpigia kapteni simu chumbani, akashuka, akaitazama ile sahani kwa huzuni, kisha akaagiza kuku wa hoteli. Mama mpaka leo anaamini kwamba yule kapteni hapendi Waluo.

Sasa tuje kwenye kulala. Mashirika ya bei nafuu hayapendi kulaza wafanyakazi nje, maana hoteli, teksi na posho zinakula faida. Ryanair ya Ulaya imejengwa juu ya hilo: ndege na marubani hurudi kituoni kwao usiku, na kampuni inalitangaza kama jambo la kuvutia waombaji kazi. Na linavutia kweli, mradi unaishi karibu na kituo. Kama kituo chako ni JKIA, uwanja mkubwa wa ndege wa Nairobi, na umepanga nyumba Syokimau, jirani yake, utakwenda vizuri. Ukipanga Ngong kwa ajili ya hewa safi, kuripoti saa kumi na moja alfajiri maana yake ni kuamka saa nane usiku au kidogo baadaye. Kuanzia saa nane usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ndicho kipindi ambacho mwili unataka kulala kuliko wakati wowote, na huwezi kuubishia kwa kahawa wiki nzima. Kodi ya nyumba ya Ngong ikiwa nafuu, piga hesabu upya.

Hata hivyo, ndege ya mwisho ya jioni wakati mwingine hulala Kisumu ili iondoke alfajiri na watu wa mikutano ya Nairobi. Ukiwa umezaliwa hapa, utafurahi kuona jina lako kwenye ratiba. Mimi nakuonya. Mchana upepo wa ziwa hupandisha unyevu kuelekea milima ya Nandi, na jioni radi zinajipanga. Mnaweza kuchelewa Nairobi mkisubiri mvua ipungue, au mkazunguka angani, au mkaishia Eldoret. Saa za kupumzika zinahesabiwa kuanzia zamu ilipokwisha. Kwa kanuni za Ulaya, mapumziko ya nje ya kituo hayapaswi kupungua saa 10, na ndani yake lazima muwe na nafasi ya saa 8 za kulala. Kwetu msimamizi ni KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, na masharti yenu yameandikwa kwenye mwongozo wa uendeshaji wa kampuni. Soma sura ya saa za kazi kabla ya kusoma sura nyingine yoyote. Kampuni ikichelewesha ndege, kuripoti asubuhi nako kunatakiwa kusogezwa; wewe ndiwe utakayeipigia ofisi ya ratiba simu kulisema hilo, na kulisema usiku uleule, si asubuhi ukiwa umeshavaa kofia.

Kisha kuna simu za nyumbani. “Umefika Kisumu halafu unalala hotelini kama mzungu?” Hiyo ni shangazi. Binamu anataka muonane Dunga, ufukweni mwa ziwa, mle samaki, “dakika mbili tu.” Kuna harambee, kuna matanga, kuna mtoto wa jirani anayetaka umweleze kuhusu urubani. Yote ni haki yao, na hakuna hata moja litakaloisha kabla ya saa nne usiku. Nilichofanya ni kumweka mama mbele: nilimweleza kinagaubaga kwamba kuna watu 78 nyuma yangu asubuhi, na kwamba siku zangu za mapumziko nitakuja nilale kwake kabisa. Akalichukua. Sasa shangazi akipiga, mama ndiye anayejibu, na kwa ukali ambao mimi nisingethubutu.

Hotelini usione haya kubagua vyumba. Omba cha nyuma, mbali na jenereta na mbali na baa, hasa Ijumaa na Jumamosi ambapo muziki wa ohangla haujui kulala. Neti iwe nzima. Beba vibanio vinne vya nguo: pazia za hoteli nyingi hazikutani katikati, na taa ya uani inapenya hapo moja kwa moja hadi machoni. Kiamsha kinywa cha hoteli mara nyingi huanza teksi yenu ikiwa imeshaondoka zamani, kwa hiyo waambie jikoni jioni wakufungie. Usiposema unataka nini utapewa mkate mkavu, soseji baridi na juisi ya sukari.

Kwa wenzangu wanaotoka Nairobi: huku kando ya ziwa malaria ipo mwaka mzima, na homa huchukua kama wiki moja au zaidi kujitokeza, ukiwa umeshasahau ulilala wapi. Mwambie daktari ulikuwa Kisumu. Kabla ya kumeza dawa yoyote ya kinga, muulize daktari wa anga, yule anayewapima marubani. Mefloquine, kwa mfano, mamlaka ya anga ya Marekani haiiruhusu kwa marubani. Na ile Piriton ya dukani ya mafua inakulaza, ukiimeza, usirushe.

Jambo zito kuliko yote ni kusema “nimechoka” na kuliandika. Tarehe 12 Februari 2009, Dash 8-400, aina hii hii tunayorusha, ilianguka karibu na Buffalo, Marekani, wakafa watu 50. Uchunguzi ulisema chanzo ni jinsi kapteni alivyoitikia onyo kwamba ndege inapoteza mwendo. Uchovu ulichangia kiasi gani, wachunguzi hawakuweza kupima. Lakini walikuta kwamba kapteni alikuwa amelala kwenye chumba cha wafanyakazi uwanjani, na rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle ili awahi zamu. Kampuni haikuwa na wajibu wa kuwapa kitanda karibu na kituo chao, na kila mmoja alijipanga alivyoweza. Sheria mpya za mapumziko zilianza kutumika huko Januari 2014.

Uchovu haupimwi kwa kipimajoto, kwa hiyo ofisi itakuuliza maswali. Jibu kwa saa: uliamka saa ngapi, ulilala saa ngapi, zamu ya jana iliisha saa ngapi. Tumia fomu, usitumie WhatsApp. Bosi mmoja niliyewahi kufanya naye kazi alikuwa akipokea ripoti za uchovu kwa kuuliza kama mtu ana mtoto mchanga nyumbani. Niliendelea kuziandika. Ripoti moja ni malalamiko. Ripoti za watu sita kuhusu zamu ileile ni ushahidi, na zamu ile ilibadilishwa.

Na mshahara, kwa kuwa najua bado unautaka. Uliza ni kiasi gani ni cha msingi na kiasi gani kinalipwa kwa saa za kuruka. Saa hizo kwa kawaida huanza ndege inapoondoka mahali ilipoegeshwa na kuisha inaposimama tena. Mkikaa Kisumu saa mbili mnasubiri mvua, saa hizo huenda zisilipwe kabisa, ingawa umezichoka. Uliza siku za akiba unalipwaje ukikaa na simu bila kuitwa. Uliza posho ya kulala nje inalipwa kwa kila usiku au kwa risiti, na nani analipa chakula mkikwama Eldoret. Uliza pia bondi ya mafunzo, yaani ahadi ya kuifanyia kazi kampuni iliyokulipia mafunzo, ni ya miaka mingapi, na ukiondoka katikati unarudisha kiasi gani. Majibu yote yawe kwenye karatasi, na karatasi hiyo uondoke na nakala yake.