Maswali ya Sheria: Boriti za kichochoroni

SWALI: Bwana Mhariri, salamu. Fundi anayejenga nyumba ya jirani yetu aliacha boriti zimelala kichochoroni usiku, bila taa. Mamangu alikuwa akirudi baada ya isha, akajikwaa na kuvunjika kifundo cha mkono. Fundi anasema yeye si mzembe, mji mzima unajua anavyochapa kazi, na ajali ni majaliwa. Sheria inasemaje?
Msomaji, Langoni, Amu

JIBU: Mpe mama pole zetu. Huyo fundi anajitetea kwa shtaka ambalo hakuna aliyemshtaki. Mtaani mzembe ni mvivu, lakini mahakamani hata mchapakazi hodari huweza kuwa mzembe kwa dakika tano tu za kusahau.

Hakimu ataangalia mambo manne: kama fundi alikuwa na wajibu wa kuwalinda wapita njia, kama alifanya pungufu ya vile ambavyo fundi mwangalifu angefanya, kama upungufu huo ndio uliomwangusha mama, na kama mama ameumia kweli. Likikosekana moja, kesi imeanguka.

Usihofu kwamba mama hakuwa na mkataba na fundi. Jambo hilo lilikatwa mwaka 1932 huko Uingereza, katika kesi ya Bi. Donoghue wa Scotland, aliyedai kuugua baada ya kunywa soda ya tangawizi iliyokuwa na konokono chupani. Soda yenyewe alinunuliwa na rafiki. Jaji Atkin alisema kwamba mtu ana wajibu kwa jirani yake, na jirani ni yeyote ambaye ungepaswa kufikiria kuwa kitendo chako kitamdhuru. Mahakama za Kenya zinafuata msingi huo, na mpita kichochoro ni jirani wa fundi bila shaka yoyote.

Mvutano utakuwa kwenye jambo la pili. Hapo hupimwa hatari ilikuwa kubwa kiasi gani, na kuizuia kungegharimu nini. Vichochoro vya Amu mnavijua: punda mwenye mzigo akija, watu wanajibana ukutani. Kuzilaza boriti sambamba na ukuta, au kuzitundikia taa na kitambaa cheupe, ni kazi ya muda mfupi na gharama ndogo. Kinga ilipokuwa rahisi hivyo, “majaliwa” hayatamfikisha mbali.

Sasa ushahidi, na hapa ndipo wengi huharibu. Pigeni picha kabla boriti hazijaondolewa, moja mchana na moja saa ileile ya usiku, mkiweka futi ya fundi ionyeshe nafasi iliyobaki ya kupita. Andikeni majina ya walioona. Ripotini polisi mpate nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Mwombeni daktari ripoti ya jeraha, na mtunze kila risiti: dawa, eksirei, hata nauli ya boti ikiwa alipelekwa nje ya kisiwa. Gharama za aina hii hulipwa zilizothibitishwa tu; kukisia hakusaidii. Fidia ya maumivu ni jambo jingine: hakimu huikadiria kwa kulinganisha na kesi za majeraha yanayofanana.

Kisha andikeni barua ya madai kwa fundi na kwa mwenye nyumba pia, maana hamjui bado wamepatanaje. Fundi akiwa mwajiriwa anayeelekezwa kazi na mwenye nyumba, mwajiri naye hubeba lawama. Wakikataa, Mahakama ya Madai Madogo inapokea madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, yakiwemo ya majeraha, na mtu anaweza kujisimamia bila wakili. Sheria inataka uamuzi utoke ndani ya siku 60. Muda wa kushtaki ni miaka 3 tangu siku ya ajali. Ingekuwa mnaishtaki Serikali, miezi 12 tu.

Jiandaeni kwa swali moja gumu: mama alikuwa akitazama simu? Akionekana naye ana sehemu ya lawama, fidia hukatwa. Ikikadiriwa 200,000 na lawama yake ikawa asilimia 20, atapata 160,000.

SWALI: Nahodha alitujaza kupita kiasi kutoka Mokowe, na majaketi ya kuokolea hayakutosha. Tulifika salama. Naweza kudai fidia?
Abiria, Shela

JIBU: Fidia huna, kwa sababu hukupata dhara, na hofu tupu hailipwi. Lakini nahodha hajanusurika. Kubeba abiria wa kulipa katika chombo kilichojazwa hadi kikawa hatari ni kosa la jinai katika Kanuni ya Adhabu, hata asizame mtu. Nakili jina la boti, nambari yake, tarehe na saa, upeleke kwa polisi au Mamlaka ya Bahari, KMA, inayokagua na kutoa leseni za vyombo vidogo. Na boti ikijaa mbele ya macho yako, shuka.

SWALI: Punda wangu alifunguka kamba akavunja vyombo dukani. Mwenye duka anataka nilipe na friji, ambayo ilishaharibika zamani. Nifanyeje, ndugu?
Mwenye punda, Mkomani

JIBU: Kama fundo la kamba lilikuwa legelege, lipa vyombo. Friji mwachie mwenyewe.