Kabla hujauliza faida, uliza utatokaje

Watu wakinitaka ushauri wa uwekezaji, swali lao la kwanza karibu kila mara ni "italipa kiasi gani kwa mwaka?" Nami huwarudishia swali: siku utakapoitaka pesa yako, ni nani mwenye uwezo wa kukuambia haitoki? Nimekuwa na hisa, hatifungani (mkopo unaoipa serikali au kampuni, nayo ikakulipa riba) na mifuko ya uwekezaji wa pamoja kwa miaka kadhaa, na kadiri siku zinavyokwenda ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba swali hilo limebeba mengine yote. Fedha, siasa za mataifa na teknolojia huandikwa kwenye kurasa tofauti za gazeti. Kwa mwekezaji zinakutana mlangoni pa kutokea.

Chukua mwaka 2022. Mfuko mmoja niliokuwa nao uliwekeza katika nchi zinazoinukia kiuchumi, na ndani yake mlikuwa na kampuni za Urusi za benki, mafuta na gesi, zenye faida na zinazolipa gawio, yaani kuwagawia wenye hisa sehemu ya faida hiyo. Tarehe 24 Februari Urusi ikaivamia Ukraine. Siku chache baadaye biashara ya hisa katika soko la Moscow ikasimamishwa kwa karibu mwezi mzima, na hata ilipoanza tena wawekezaji wa kigeni walizuiwa kuuza. MSCI, ambayo hutunga fahirisi, yaani orodha za hisa zinazopima mwenendo wa soko na kufuatwa na mifuko mingi duniani, ikaiondoa Urusi kwenye fahirisi zake kuanzia tarehe 9 Machi kwa bei iliyo sawa na bure. Taarifa niliyoletewa baada ya hapo naikumbuka vizuri. Kwenye safu ya idadi, hisa zilikuwa zilezile, hakuna hata moja iliyopungua. Kwenye safu ya thamani paliandikwa sifuri. Kampuni zilikuwa zinaendelea kuchimba gesi na kukopesha watu. Njia ya kugeuza hisa zile kuwa pesa ndiyo iliyokatika.

Kipindi hichohicho nchi za Magharibi zilizuia takriban dola bilioni 300 za akiba ya Benki Kuu ya Urusi. Uvamizi ule ni dhuluma, sina mjadala juu ya hilo. Lakini mwenye mali anapaswa kuona kilichodhihirika: hata salio la benki ni ahadi ya mtu fulani, na mtu huyo anaishi chini ya sheria za nchi fulani. Benki kuu nyingine zililiona upesi, zikanunua dhahabu zaidi ya tani 1,000 kila mwaka kuanzia 2022 hadi 2024. Sisemi nawe ukimbilie dhahabu. Aliyeinunua kileleni Januari 1980, kwa dola 850 kwa aunsi, alisubiri hadi 2008 kuiona tena bei hiyo, na katika miaka yote hiyo haikumlipa gawio hata senti moja.

Sasa tuje kwenye riba, ambayo wengi huiruka kwa kuiona kavu. Nakuomba usiiruke. Tuseme una hatifungani ya dola 1,000 inayolipa asilimia 2 kwa mwaka, na imebakiza miaka 10. Benki kuu inapandisha riba kupambana na mfumuko wa bei, na hatifungani mpya za aina hiyohiyo zinaanza kulipa asilimia 5. Nani atainunua yako kwa 1,000? Ukipiga hesabu, bei yake inashuka hadi kama dola 770. Aliyekuuzia hajakudhulumu, na ukiishika hadi mwisho utalipwa dola zako zote. Ukilazimika kuuza leo, hasara ni yako.

Hesabu hiyo ndogo iliangusha benki kubwa. Kati ya Machi 2022 na Julai 2023 benki kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu na sifuri hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.5. Silicon Valley Bank, benki ya hukohuko Marekani, ilikuwa imeweka amana nyingi za wateja kwenye hatifungani za muda mrefu zenye riba ndogo. Tarehe 8 Machi 2023 ikatangaza kwamba imeuza sehemu ya hatifungani zake kwa hasara ya dola bilioni 1.8. Kesho yake wateja wakaomba kutoa dola bilioni 42 kwa siku moja, habari zikisambaa kwenye makundi ya ujumbe na maombi yakipelekwa kwa simu na kompyuta. Tarehe 10 benki ikafungwa. Zamani hofu ya namna hiyo ilibidi ipange foleni nje ya benki, na foleni huwapa wasimamizi muda wa kuhema. Serikali iliwalinda wenye amana. Wenye hisa hawakupata ulinzi huo.

Teknolojia basi imeongeza kasi. Jambo la pili ililolifanya ndilo linalonisumbua zaidi: imeifanya dunia nzima iegemee mikono michache. Sehemu kubwa mno ya chipu za kisasa kabisa, vipande vidogo vinavyoendesha simu na kompyuta, hutengenezwa Taiwan na kampuni ya TSMC, na mashine za kuzichora kwa mwanga wa urujuanimno wa hali ya juu hutengenezwa na kampuni moja tu duniani, ASML ya Uholanzi. Oktoba 2022 Marekani iliweka masharti makali kuzuia chipu za aina hiyo na mitambo yake isiuzwe China. Kwa hiyo mtu akijivunia kuwa na mfuko unaofuata fahirisi ya MSCI World, yenye kampuni zaidi ya 1,300, mimi humwomba afungue taarifa ya mfuko wake asome kampuni kumi za juu. Takriban asilimia 70 ya thamani ya fahirisi hiyo iko Marekani, na nyingi ya kampuni zinazoongoza orodha hiyo zinategemea chipu kutoka kisiwa kilekile cha Taiwan. Tarehe 27 Januari 2025, habari za programu ya akili mnemba ya kampuni ya Kichina ya DeepSeek zilitosha kuipunguzia Nvidia, kampuni ya Marekani inayobuni chipu za akili mnemba, karibu dola bilioni 600 za thamani kwa siku moja. Nami nina mfuko wa aina hiyo na sijauuza. Ila najua nimeshika nini.

Kuna watu watasema haya ni ya wenye hisa. Hapana. Riba ya Marekani inapopanda, nchi zenye madeni ya dola hubanwa. Mwaka 2022 Sri Lanka na Ghana zilisimamisha malipo ya madeni ya nje, na mzigo wake ukawaangukia watu ambao hawajawahi kununua hisa hata moja. Na hata ndani ya soko, misukosuko haiwapigi wote sawa. Tarehe 2 Aprili 2025 Marekani ilitangaza ushuru mpya kwa bidhaa za karibu kila nchi, na kwa siku mbili fahirisi ya S&P 500, inayopima hisa za kampuni kubwa za Marekani, ikapoteza zaidi ya asilimia 10. Tarehe 9 sehemu kubwa ya ushuru huo ikaahirishwa kwa siku 90, fahirisi ikapanda asilimia 9.5 siku hiyohiyo. Aliyedaiwa kodi ya nyumba wiki ile aliuza kwa bei ya chini, na aliyekuwa na akiba akanunua kutoka kwake. Hili linaniuma kuliko yote, kwa sababu aliyeuza huenda alichagua hisa vizuri kuliko aliyenunua.

Ndiyo maana, kabla ya kuzungumzia hisa gani, nasisitiza akiba ya miezi kadhaa mahali unapoifikia mara moja, na deni la riba kubwa lilipwe kwanza. Usikope ili uwekeze. Kisha kwa kila ulichonacho andika kipo kwa sarafu gani, kinatawaliwa na sheria za nchi gani, na kimesajiliwa kwa jina lako au la dalali. Hilo la jina usilidharau: FTX, soko la kununulia na kuhifadhia sarafu za kidijitali, ilipofilisika Novemba 2022, wateja waliendelea kuona salio kwenye skrini ilhali mabilioni ya dola hayakuwepo.

Halafu fanya jaribio hili soko likiwa limetulia. Uza kidogo sana, utoe pesa hadi ifike kwenye akaunti yako ya benki. Hesabu siku ilizochukua, angalia wamekata kiasi gani kwa ada, kodi na kubadilisha sarafu, na uone wamekutaka nyaraka gani ambazo hukuwa nazo. Zitafute sasa.