Mchoro wa mfumo wetu wa maji tutaupimaje kabla ya kununua vifaa?

Swali: Ninasaidia kikundi cha maji hapa Mukuru, Nairobi. Tunataka vioski vitatu vya kujihudumia: mteja analipa kwa simu, seva inathibitisha malipo, vali inafunguka, mtungi unajaa. Mfumo wote tumeuchora kwa SysML. Sasa mfadhili anauliza tunajuaje kwamba usanifu huu utafaa, na hatujanunua hata bomba. Tumjibu vipi?

Jibu: Ndugu msomaji, mfadhili wenu ameuliza jambo la maana. SysML ni lugha ya kuchorea. Inaonyesha kipi kimeungana na kipi, ila haisemi kama muungano huo unafaa. Hilo mtalijua kwa kuuhoji mchoro.

Anzeni na watu. Kiwango cha ISO/IEC/IEEE 42010 kinataka maelezo ya usanifu yataje wadau na yale yanayowahusu. Anayefika na mtungi alfajiri anataka maji yatoke. Mweka hazina anataka hesabu zilingane. Kila hitaji ligeuzeni tukio linalopimika, kwa mfano: mtandao umekatika Jumamosi asubuhi, na mteja mwenye salio apate maji ndani ya dakika moja. Matukio ya aina hii ndiyo msingi wa ATAM, mbinu ya kupima usanifu iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani. Kisha pitisheni kidole juu ya mchoro, hatua kwa hatua.

Kidole chenu kitakwama kwenye seva. Tuseme vali, mtandao na seva kila kimoja kinafanya kazi saa 95 katika kila 100, na hitilafu ya kimoja haitegemei ya kingine. Vikifuatana kama mlivyochora, zidisheni: 0.95 × 0.95 × 0.95. Mnapata kama 0.86. Yaani saa 14 katika kila 100 mtungi utabaki mtupu, ingawa hakuna kifaa kibovu kupita kiasi. Vali ikiweza kuamua yenyewe, mnarudi kwenye 95.

Mfano mnao ukutani nyumbani. Mita ya stima ya kulipia kabla haiulizi seva chochote: unabonyeza tarakimu 20 za tokeni, mita inazihakiki kwa ufunguo wa siri wa kidijitali uliomo ndani yake, taa zinawaka hata mtandao ukiwa chini. Huo ni usanifu ninaouheshimu sana.

Lakini una gharama, na hapa ndipo tathmini inapokuwa na faida. Tokeni hizo zilihesabu muda kwa dakika tangu Januari 1, 1993, katika nafasi ya biti 24, yaani dakika 16,777,216. Hesabu hiyo ilijaa Novemba 24, 2024, na kabla ya siku hiyo kila mita iliyotumia hesabu hiyo ilibidi ibonyezewe tarakimu za ziada ili hesabu ianze upya. Uamuzi unaoipa mita uhuru ndio huohuo unaofanya iwe vigumu kuirekebisha ukiwa mbali. Sehemu kama hii, ambapo uamuzi mmoja unainua sifa moja na kushusha nyingine, iwekeeni alama nyekundu. Alama hizo, pamoja na sababu za kila chaguo, ndizo jibu la mfadhili.

Kabla ya kuagiza vali, ongezeni tukio hili: miaka kumi imepita, fundi wa kwanza amehama, na funguo za siri za vioski vyote vitatu zinatakiwa kubadilishwa. Nani anazo, na atafika kwa kila kioski au atatuma kwa simu?