Los Angeles hadi Sydney: usigawanye kilomita kwa 900

Mkuu, usilipe hiyo tiketi ya pili! Umeuliza Los Angeles hadi Sydney ni kilomita ngapi, na ndege inachukua saa ngapi. Halafu unasema umepiga hesabu, umepata saa 13, kwa hiyo unanunua tiketi ya peke yake ya kutoka Sydney kwenda Melbourne, ya saa 1 na nusu asubuhi. Hesabu hiyo hiyo ndiyo iliyonitia hasara.

Kilomita ni kama 12,050. Tovuti nyingi za umbali zinagawanya tu kwa kasi ya ndege, kama kilomita 900 kwa saa, upepo hazihesabu. Kule juu, kilomita 10 hivi kutoka ardhini, mikondo mikali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na wewe unakwenda magharibi. Ndiyo maana kwenda ni kama saa 15 na kurudi kama 13 na nusu.

Niliondoka Ijumaa saa 4 na nusu usiku. Kwa hesabu ya tovuti ningetua Jumapili saa 11 alfajiri (Jumamosi inamezwa na mstari wa tarehe, ule wa Bahari ya Pasifiki ambao ukiuvuka kwenda magharibi unaruka siku moja mbele). Tulitua saa 12 na nusu. Tena Sydney ina marufuku ya ndege usiku, saa 5 hadi saa 12 asubuhi, isipokuwa chache zenye ruhusa, kwa hiyo ile saa 11 ilikuwa ndoto tangu mwanzo.

Foleni ya pasipoti. Begi. Ukaguzi wa vyakula na mimea, hadi soli za viatu vyangu ziligeuzwa na kuangaliwa kama zina udongo. Halafu jengo la ndege za ndani liko ng'ambo ya pili ya uwanja, unapanda treni au basi. Nafika kaunta saa 2 kasorobo, jasho linanitoka, dada wa pale anaangalia kompyuta: ndege yako ya ndani imeondoka, na kwa kuwa hukutokea, safari yako ya kurudi kwenye tiketi hii nayo imefutwa. Zote mbili! Nikanunua upya, kwa bei ya siku hiyo.

Wakala aliyeniuzia aliziona tiketi zote mbili mbele yake. Nilimuuliza kama muda unatosha, akasema unatosha kabisa na chai utakunywa. Nilipompigia akanijibu kila tiketi inajitegemea. Mtu anayeishi kwa kuuza safari! Hadi leo nina hasira naye.

Tiketi moja, bukingi moja, mwanzo hadi mwisho. Ya kwanza ikichelewa, shirika ndilo linalokutafutia ndege nyingine. Wapigie watu wa shirika leo waiunge Melbourne kwenye bukingi ya Los Angeles. Wakikataa, chukua ya mchana, na saa ya kutua isome kwenye tiketi yenyewe, pamoja na tarehe yake.