Usimpime konabeki kwa pasi alizonasa

Mwaka 2011, nilipokuwa nikiishi mwendo wa nusu saa kutoka Philadelphia, nilinunua jezi ya Nnamdi Asomugha, konabeki wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, kabla hajaichezea Eagles, timu ya mji huo, hata mechi moja, kisha nikawatangazia wenzangu kazini kwamba upande mmoja wa uwanja sasa umefungwa. Alikuwa amesaini mkataba wa miaka 5 wenye thamani ya dola milioni 60. Machi 2013 timu ikaachana naye. Jezi ile ninayo bado, na ushauri huu ulianzia kwenye utani nilioupata kila nilipoivaa.

Wengi humpima konabeki, yaani beki anayewakaba wapokeaji wa pembeni wanaokimbilia pasi, kwa idadi ya pasi za wapinzani alizonasa. Asomugha mwenyewe anaonyesha jinsi kipimo hicho kinavyopotosha: mwaka 2006, akiwa timu ya Oakland, alinasa pasi 8, na katika misimu minne iliyofuata alinasa 3 tu kwa jumla. Hakuwa ameshuka kiwango. Makwotabeki, yaani wachezaji wanaorusha pasi, walikuwa wameacha kurusha upande wake, na katika kipindi hicho hicho, mwaka 2008 na 2010, alichaguliwa kwenye kikosi cha kwanza cha wachezaji bora wa ligi. Trevon Diggs, kwa upande wake, alinasa 11 mwaka 2021 akiwa Dallas, akaongoza ligi nzima, lakini ujasiri uleule wa kuiwahi pasi uliwapa wapokeaji yadi nyingi kila alipokisia vibaya. Simbezi, kwa maana pasi 11 si mchezo, ila hesabu yake ina kurasa mbili.

Kwa hiyo mtazame wakati mpira haumwendei. Kamera ya kawaida ya televisheni humfuata mwenye mpira, konabeki akatoweka kwenye kioo mara tu mpira unapoanzishwa, na ukimwona tena pasi imeshafika. Tafuta picha wanazotumia makocha, zinazopigwa kutoka juu na kuonyesha wachezaji wote 22. Angalia nyonga zake kabla ya mbio zake: mpokeaji anapokata kona ghafla, je, anageuka naye papo hapo, au husimama wima kwanza ndipo aanze kumfukuza? Angalia na mikono, hasa ya kijana aliyetoka chuoni juzi. Kanuni za NFL humkataza beki kumsukuma mpokeaji aliyekwisha kupita yadi 5 kutoka mstari wa kuanzia, ilhali vyuoni anaweza kumsukuma hadi pasi iwe hewani. Zaidi ya hapo, kumwingilia mpokeaji pasi ikiwa hewani huadhibiwa vyuoni kwa yadi zisizozidi 15, lakini katika NFL mpira huwekwa pale pale kosa lilipotendeka, hata kama ni yadi 40 mbele. Mazoea ya kushika jezi yaliyovumilika chuoni huja kulipiwa ghali huko.

Kosa langu mimi halikuwa kwenye uwezo wa Asomugha bali kwenye kazi aliyokuwa anaiendea. Oakland ilimpa mtu mmoja, akamkaba tangu mstari wa kuanzia, akamaliza. Philadelphia alihamishwahamishwa, na mara nyingi akatakiwa kulinda eneo, jicho moja kwa kwotabeki na jingine kwa wapokeaji wanaopishana mbele yake. Tena alikuwa ametimiza miaka 30 mwezi huo huo wa kusaini, umri ambao hatua moja iliyopungua huonekana kwa konabeki kabla ya kuonekana kwa mtu mwingine yeyote uwanjani.

Hata hivyo umri hauwapigi wote sawa. Richard Sherman, konabeki aliyechaguliwa na Seattle mwaka 2011 katika raundi ya tano ya uchaguzi wa vijana wanaotoka vyuoni, hakuwahi kusifiwa kwa mbio. Alitegemea urefu, mikono mirefu na kuijua njia ya mpokeaji mapema. Aliumia vibaya ukano wa kisigino mwaka 2017, jeraha linaloogopwa na kila anayeishi kwa miguu yake, na mwaka 2019 akiwa San Francisco alikuwa tena miongoni mwa mabeki bora wa ligi, katika mfumo wa ulinzi unaofanana na ule aliokulia Seattle.

Siku hizi timu inapomsajili konabeki mwenye jina, mimi huanza kwa kutazama mechi mbili tatu za mwisho za timu hiyo inayomchukua, nione makonabeki wake wanasimama wapi mpira unapoanzishwa. Jezi hununua Novemba, msimu ukiwa umeshaanza, ikibidi.