Lipton wa kwenye pakiti ya chai: kaburi lake lipo

Wengi hujiuliza kama Lipton, jina lililo kwenye pakiti za chai, alikuwa mtu kweli. Ndiyo, alikuwa. Thomas Lipton alifariki 1931, akazikwa Glasgow, Uskochi, makaburi ya Southern Necropolis, pamoja na wazazi na ndugu zake. Hilo ndilo linalonigusa zaidi, maana biashara ilianzia kwa wazazi hao: wahamiaji wa Ireland, wenye kiduka Crown Street, mtaa huohuo wa Gorbals yalipo makaburi, wakiuza nyama ya nguruwe, siagi na mayai. Yeye akafungua duka lake 1871, na kufikia 1890 ananunua mashamba ya chai Ceylon (leo Sri Lanka), akiiuza kwenye pakiti ndogo zilizokwisha kupimwa ili hata mwenye kipato kidogo aimudu. Hakuoa, mali nyingi aliwaachia maskini wa Glasgow.